DBF, SUAS au UAS Challenge? Chagueni kwa kanuni za siku ya kuruka

Timu ya wanafunzi inayotaka kuingia mashindano ya ndege zisizo na rubani huanza kwa kuuliza zawadi ni kiasi gani, fainali ziko wapi na nani alishinda mwaka jana. Mimi ningeanza na sura moja tu ya kitabu cha kanuni: ile inayoeleza siku yenyewe ya kuruka. Nani anashika rimoti? Mawimbi yakikatika ndege ifanye nini? Ikitua vibaya, pointi zinabaki au zinafutwa? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayoamua mtanunua nini, mtahitaji watu wa aina gani, na wanafunzi watatoka humo wakiwa wamejifunza kazi ipi.

Nalinganisha mashindano matatu ya vyuo vikuu yanayopokea timu kutoka nchi mbalimbali. La kwanza ni Design/Build/Fly, maarufu kama DBF, la taasisi ya wahandisi wa anga ya Marekani, AIAA. Lilianza mwaka wa masomo 1996-97, na fainali zake za Aprili hupokezana kati ya Wichita, Kansas, na Tucson, Arizona. La pili ni SUAS, nalo la Marekani. Lilizaliwa katika tawi la Seafarer la chama cha AUVSI, kwa miaka mingi likafanyika Webster Field, uwanja wa jeshi la majini huko Maryland, na sasa liko chini ya shirika la RoboNation. La tatu ni UAS Challenge la taasisi ya wahandisi mitambo ya Uingereza, IMechE. Hilo lilianza mwaka 2014-15, na miaka ya karibuni ndege zake zimerushwa Buckminster, kwenye uwanja wa BMFA, chama cha warusha ndege ndogo wa Uingereza.

Kanuni za yote matatu hutolewa upya kila mwaka. Ukomo fulani utapanda au kushuka, mzigo utabadilika, lakini tabia ya kila shindano imebaki ileile kwa muda mrefu, na tabia hiyo ndiyo ninayoilinganisha.

Nani anairusha

Katika DBF anayerusha ni mtu, kwa macho na vidole vyake. Ndege lazima iwe ya mabawa, isukumwe na propela kwa mota ya umeme ya dukani ambayo haikuchokonolewa ndani. Helikopta na droni za propela nne hazikubaliwi. Njia ya kuruka ni fupi na inaonekana yote kutoka ardhini. Ndege inapaa, inakwenda mita 150 hivi ikikabili upepo, inageuka, na inaporudi ikisukumwa na upepo inalazimika kuzunguka duara kamili kwa upande wa pili kabla ya kugeuka tena na kufunga mzunguko. Waamuzi wa kwenye kona huinua bendera ndege inapopita alama. Rubani akigeuka kabla ya bendera, mzunguko huo una matatizo.

Duara hilo la katikati linaonekana kama pambo, lakini ndilo linalofichua ndege dhaifu. Ikiwa imebeba mzigo wake wote, na upepo unaisukuma kutoka nyuma, bawa lililojengwa kwa haraka hupinda na ndege huanza kupoteza kimo. Timu nyingi hukokotoa vizuri safari iliyonyooka na kusahau kwamba sehemu ya muda wa mzunguko inaishia kwenye kona.

SUAS ni kinyume chake. Ndege inatakiwa ijiendeshe: ipite vituo vya angani vilivyotolewa na waandaaji, itafute vitu ardhini kwa kamera, ivitambue, idondoshe mizigo mahali sahihi, irudi. Kuna rubani wa usalama amesimama na rimoti mkononi, lakini kazi yake ni kutoigusa. Kwa miaka mingi kanuni zimekuwa zikipunguza alama za kujiendesha kila anapochukua usukani. Aina ya ndege ni hiari yenu, ya mabawa au ya propela nyingi, mradi isizidi kilo 25 hivi. Ukomo huo wa uzito ndio huohuo unaotenganisha droni ndogo na kubwa katika sheria ya anga ya Marekani, na DBF nayo inautumia.

UAS Challenge liko katikati. Mada yake ni msaada wa kibinadamu: kufikisha mizigo kwa watu waliokatikiwa na njia. Ndege inapewa vituo vya kupita na shabaha ya kudondoshea, na timu inayoirusha kwa mfumo wa kujiendesha inapata zaidi kuliko inayoirusha kwa mkono. Uzito umebanwa sana kuliko Marekani. Ukomo ulikuwa kilo 7 kisha ukapandishwa hadi kilo 10, ndege na mzigo wake pamoja. Ukomo wa namna hii hubadilisha kila kitu. Ukiwa na kilo 25 unaweza kuongeza betri kila jambo linaposhindikana. Ukiwa na kilo 10 lazima uchague, na kila gramu ya fremu unaitoa kwenye mzigo.

Mawimbi yakikatika

Hiki ndicho kifungu ambacho ningependa kila mwanafunzi akisome kwa sauti mbele ya wenzake kabla ya kununua hata skrubu moja.

DBF inataka rimoti iwekwe hivi: ndege ikipoteza mawimbi, mota izime, kibao cha mkia kipandishwe hadi mwisho, usukani wa mkia ulalie kulia hadi mwisho, vibao vya mabawani navyo vilale upande mmoja hadi mwisho, flapu zishuke zote. Anayeisoma mara ya kwanza hushangaa: mbona tunaiangusha ndege yetu wenyewe? Ndiyo, mnaiangusha, na kwa makusudi. Ndege yenye mabawa iliyozimwa mota ikaachwa inyooke inaweza kuteleza hewani mamia ya mita, ikavuka uzio, ikafika barabarani au kwa watazamaji. Ikiwekwa vibao vile, inajizungusha na kushuka karibu na pale ilipokuwa. Mnapoteza kazi ya miezi saba ili mtu aliyesimama nje ya uwanja asiguswe. Mkaguzi haridhiki na maelezo: rimoti inazimwa mbele yake, na anatazama vibao vikienda vinakotakiwa.

SUAS inatoa nafasi mbili. Mawasiliano yakipotea zaidi ya sekunde 30, ndege ijirudishe yenyewe nyumbani. Yakiendelea kupotea hadi dakika 3, isitishe safari, na kwa ndege ya mabawa kusitisha maana yake ni mkao uleule wa vibao nilioueleza juu. Tofauti ya sekunde 30 na dakika 3 inaeleza falsafa nzima ya shindano: wanaamini mashine yenu ina akili ya kurudi, lakini hawaiamini milele. Kwa timu, maana yake ni kwamba programu ya otopailoti, yaani mfumo unaoiendesha ndege yenyewe, lazima iwe imepangwa na kujaribiwa kwa kuzima kweli mawasiliano angani. Kusoma mipangilio kwenye skrini hakutoshi.

UAS Challenge nalo linadai mfumo wa kusitisha safari, na linadai zaidi kwenye karatasi: muoneshe mmefikiria kila namna ndege inavyoweza kushindwa, uwezekano wake, madhara yake, na mtafanya nini. Hapo ndipo timu zenye mafundi hodari lakini zisizopenda kuandika huanza kuchoka.

Kifungu cha namna hii kina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kule Queensland, Australia, shindano la UAV Challenge, ambalo kwa miaka kadhaa lilizitaka timu kumtafuta mtembea porini wa bandia aliyepotea, lilikuwa na kanuni kali: ndege ikivuka mpaka wa anga iliyopewa, safari yake isitishwe papo hapo. Ili kutimiza kanuni hiyo, sehemu maalumu ya dharura iliandikwa ndani ya ArduPilot, programu huria ya otopailoti, na bado imo. Mwanafunzi wa Mbeya au Eldoret anayepakua ArduPilot bure leo anapata ndani yake matunda ya kanuni ya mashindano.

Ukaguzi mnaoupita kabla ya kupaa

DBF ina jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji kifaa chochote. Ndege inapakiwa mzigo wake mzito kabisa, kisha inainuliwa kwa ncha za mabawa. Bawa likistahimili, limeonesha kwamba linaweza kubeba takribani mara 2.5 ya mzigo wa kawaida wa angani, yaani kile linachokutana nacho kwenye kona kali. Likivunjika, limevunjikia ardhini. Pia lazima kuwe na plagi ya kuwasha umeme wa mota inayofikiwa kutoka nje, ili mtu aweze kuitenganisha bila kupeleka mikono karibu na propela.

Kabla ya hapo SUAS hutaka video inayoonesha kwamba ndege yenu imewahi kuruka, na DBF nayo hutaka uthibitisho wa jambo hilo. Hakuna kufika uwanjani na ndege ya kubahatisha. UAS Challenge hupitisha timu kwenye milango kadhaa: mapitio ya usanifu wa awali, mapitio ya usanifu wa mwisho, mapitio ya utayari wa kuruka, kisha ukaguzi wa mikono uwanjani. Mlango mmoja ukikwama, hamrushi, hata kama ndege yenyewe iko tayari.

Pointi

Mfumo wa DBF ni mkali na ninauona wa haki. Alama ya maandishi, yaani pendekezo na ripoti ya usanifu, huzidishwa na alama za kuruka. Kuzidisha si kujumlisha. Ripoti ya asilimia 50 inakata nusu ya kila mlichofanya angani, na ripoti ya asilimia 95 haiwafai sana kama ndege haikuruka. Tena kila safari inahesabiwa tu ikiwa ndege imetua salama, na misheni hurushwa kwa mpangilio: usipofaulu ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni rahisi, hufiki ya pili.

Ndani ya misheni zenyewe alama hupimwa kwa kulinganishwa na timu bora. Mwaka 2021-22 mada ilikuwa usafirishaji wa chanjo. Misheni ya pili ilibeba bomba za sindano kwa haraka iwezekanavyo. Ya tatu ilitaka ndege itue, iachie kifurushi kimoja cha chanjo chenye kihisi cha mtikisiko, ipae tena, irudie. Aliyetua kwa kishindo aliwasha kihisi, na kifurushi hicho hakikuhesabiwa. Kupaa kulibanwa ndani ya futi 25, mita saba na nusu hivi. Hebu fikirieni jinsi vifungu hivyo vitatu vinavyovutana: bawa kubwa linapaa upesi na kutua taratibu, lakini linapunguza kasi kwenye misheni ya pili. Hakuna jibu moja sahihi, na hapo ndipo wanafunzi wanapojifunza uhandisi.

Kila mwaka mvutano ni mwingine. Mwaka 2022-23 ndege nzima ilitakiwa iingie kwenye sanduku la ukubwa wa mzigo wa kawaida wa abiria, kilo 23 hivi. Mwaka 2024-25 ilibeba kiglaida, kindege kisicho na mota, kilichoachiwa angani kitue chenyewe.

SUAS hugawa alama kati ya nyaraka, wasilisho la utayari na misheni angani, na misheni ndiyo yenye sehemu kubwa. Hatari yake ni kwamba kwa kawaida mnapata dirisha moja la muda kwa kila kitu: kufunga mitambo, kuruka, kutafuta, kudondosha, kutua. DBF ina foleni inayozunguka. Mkishindwa asubuhi mnaweza kurudi mchana mkiwa na gundi mbichi kwenye bawa. Mwaka mzima wa kuandika programu ukaishia kwenye kebo moja ya kamera iliyolegea, hilo ni jambo linalotokea SUAS, na timu inayoiingia lazima iwe na moyo wa kulibeba. Mwaka 2019 kazi ya kudondosha ilikuwa kigari kidogo kinachojiendesha kikiwa na chupa ya maji: kishuke salama, kisha kiende chenyewe hadi mahali kilipoelekezwa. Baadaye ikawa chupa za maji kadhaa, kila moja na shabaha yake. Kazi ya namna hii haifanywi na timu isiyo na watu wa programu wawili au watatu walioiva.

UAS Challenge hutawanya alama kwenye usanifu, utengenezaji, wasilisho la kibiashara na safari zenyewe. Timu iliyoanguka angani bado inaweza kuondoka na tuzo ya sehemu nyingine. Kwa timu changa hilo ni faraja ya kweli.

Kwa timu inayosafiri kutoka Afrika Mashariki

Betri kwanza. Mashirika ya ndege za abiria hukubali betri za lithiamu hadi wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika, na zaidi ya 160 hazipandi ndege ya abiria. Betri za akiba hubebwa mkononi, haziwekwi kwenye mzigo wa chini. Fanyeni hesabu: volti mara ampea-saa. Betri ya seli sita ya volti 22.2 na ampea-saa 10 ni wati-saa 222, haisafiri. Ileile ya ampea-saa 4.5 ni 99.9, inasafiri. Kanuni za DBF za miaka ya karibuni zimeweka ukomo wa wati-saa 100 kwa nishati ya kusukuma ndege, kwa hiyo timu iliyofuata kanuni imeshafuata na masharti ya safari. Droni kubwa ya SUAS itawalazimu kutafuta betri mkishafika, na kuzijaribu kwa siku chache.

Rubani ni jambo la pili. DBF inataka rubani mwanachama wa AMA, chama cha ndege ndogo cha Marekani, lakini waandaaji huwa na marubani wao kwa timu ambazo wa kwao hakuweza kufika. Kwa nchi ambako viza ni bahati nasibu, kifungu hicho kina thamani kubwa: rubani wenu akinyimwa, ndege bado inaweza kupaa. SUAS haina urahisi huo kwa vitendo, kwa sababu anayeijua otopailoti yenu ni aliyeipanga. Uingereza, kila anayerusha chombo cha ukubwa huu hutakiwa kufanya mtihani wa mtandaoni na kusajiliwa kwa mamlaka ya anga ya huko, jambo linaloweza kumalizwa mapema.

Tatu, ile video ya kuthibitisha kwamba ndege inaruka mtaipigia nyumbani, chini ya sheria za nyumbani. Kenya ina kanuni za droni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko; Tanzania ruhusa iko kwa mamlaka yake, TCAA. Anzeni kuomba siku ileile mnayojiandikisha. Timu inayongoja ndege ikamilike ndipo iombe ruhusa itakuwa na ndege nzuri ya kuonesha kwenye meza.

Ningechagua lipi

Timu inayoanza, yenye karakana ya mbao na foamu, wanafunzi wa mitambo wengi na wa kompyuta wachache: DBF, bila kusita. Bei ya kushindwa ni ndogo, kanuni zake zinafundisha nidhamu kwa mikono, na sharti lake kwamba angalau theluthi ya wanatimu wawe hawajafika mwaka wa mwisho linaizuia timu isife wakubwa wanapohitimu. Hata kama hamna fedha ya kwenda Wichita, chukueni kitabu chake na mshindane chuo kwa chuo hapa kwetu. Kuinua ndege kwa ncha za mabawa hakuhitaji viza.

Timu yenye watu wa programu walioiva, ambayo tayari ina droni inayojiendesha vizuri bila kuguswa: SUAS. Lakini msiende huko kujifunza otopailoti. Nendeni mkiwa mmeshaizoea, mbaki na kazi ya kamera na utambuzi wa vitu, ambayo peke yake inatosha kuwamaliza.

Timu inayowaza kazi baada ya chuo ingetazama Uingereza. Kampuni ya droni ya Zipline imesafirisha damu Rwanda tangu 2016, na Kisumu ina kituo chake. Mwaka 2018 Mwanza iliona ndege za majaribio zikielekea kisiwa cha Juma, na Februari 2020 Rwanda ikaandaa majaribio ya namna hiyo Ziwa Kivu. Anayeajiriwa kwenye kazi hizi hutumia siku nyingi kuandika na kutetea hoja za usalama kuliko kurusha, na shindano linalowafundisha wanafunzi kutetea hoja hizo mbele ya wakaguzi ni UAS Challenge. Ndilo ningelichagulia timu ya mwaka wa pili au wa tatu wa uhai wake.

Kalenda isiwapite. Kanuni za DBF hutoka kuelekea mwisho wa Agosti, pendekezo hutakiwa mwishoni mwa Oktoba, ripoti Februari, kuruka Aprili. Mengine mawili hufungua msimu vuli hiyohiyo na kurusha katikati ya mwaka, kwa hiyo kama Oktoba imepita na hamjaandika pendekezo, huenda bado mna hayo mawili ya kuchagulia.